Katikati ya kumi na moja na kumi na tisa

Mama aliuza mitumba Gikomba miaka mingi bila kalkuleta. Mteja akianzia 200, yeye 400, ile 300 ilikuwa imeshamtoka mdomoni kabla hujameza mate. Jana jioni nilimwuliza: bila kupiga hesabu, kwa kukisia tu, namba gani iko katikati ya 11 na 19?

"Kumi na saba," akajibu, kwa sauti ileile ya kufunga biashara.

Tangu kiharusi kimpige ubongo upande wa kulia, kushoto kwake ni kama hakupo. Anakula ugali mpaka katikati ya sahani, mstari umenyooka kana kwamba kakata kwa uzi, halafu ananilalamikia kwamba nimemnyima sukuma. Naizungusha sahani. "Kumbe ilikuwepo!" Macho yake ni mazima, yamepimwa. Ubongo ndio umeacha kuutilia maanani upande ule.

Ya sahani nimeyazoea. Ya namba nilikuwa nimeyasoma tu, na kuyasoma si sawa na kuyasikia kwa mama yako. Mwaka 2002 Marco Zorzi na wenzake, huko Italia, walichapisha katika jarida la Nature majaribio waliyowafanyia wagonjwa wa aina hii. Mgonjwa wa hivi ukimpa mstari augawe katikati kwa kalamu, alama yake huangukia kulia. Wao waliuliza kwa mdomo, bila mstari wowote: katikati ya 2 na 6? Jibu likawa 5. Ni kama namba zimepangwa kichwani kama kwenye rula, ndogo kushoto, kubwa kulia, na kipande cha kushoto kimefifia. Mwaka 2005 watafiti wengine walionyesha kwamba mtu anaweza kukosea mstari asikosee namba, au kinyume chake, kwa hiyo, hiyo rula yangu isichukuliwe kuwa neno la mwisho.

Lakini hesabu wagonjwa wale waliifanya vizuri. Nikataka kuona.

"Mama, 11 jumlisha 19?"

"Thelathini."

"Nusu yake?"

"Kumi na tano. Wanifanyia mtihani?"

"Na katikati ya 11 na 19?"

"Si nimeshakwambia kumi na saba!"

Nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikasimama huko kwa muda. Jirani mmoja alishaanza kunong'ona kwamba mzee wetu amerudi utotoni. Wapi! Angejaribu kumdai chenji aone.

Kuna jambo moja linanizunguka kichwani. Mwaka 2004 wengine waliwaambia wagonjwa wafikirie uso wa saa badala ya rula, na shida ikahamia kwenye namba zinazozidi 6, kwa sababu kwenye saa hizo ndizo zilizo kushoto. Sasa sisi je? Tunasema saa moja huku mshale umesimama kwenye 7. Moja ya rula iko kushoto, na 7 ya saa iko kushoto pia. Pa kukimbilia hakuna.

Mama hukosa taarifa ya habari ya saa moja karibu kila siku. Anaitazama saa ya ukutani, anasema bado. Leo nimeing'oa nikaipigilia ukuta wa pili, kulia kwa kiti chake. Ameniuliza kwa nini naharibu rangi ya nyumba ya wenyewe.