Nyumba ya mwani

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mwanangu mkubwa akamtazama mdogo wake, akasema, “Mwaka huu mtihani ulikuwa mwepesi.” Katika maneno yale nikamsikia mjomba wangu kabisa, mpaka ule mguno wa mwisho.

Mama alikuwa katika wanawake wa mwanzo kufunga mwani Paje, kilimo kile kilipoingia 1989. Kila bamvua, maji yakitoka, anashuka na kamba na taitai zake, vile vijikamba vya kufungia mwani, mgongo umepinda mpaka bahari irudi. Mwani wa kotonii ndio wenye bei, lakini maji yalipozidi joto ukawa unaoza, akabaki na ule wa spinosamu, wa senti chache. Hivyo hivyo akanunua matofali, mara kumi, mara ishirini, hadi nyumba ikasimama.

Siku ya kuhamia tulisoma maulidi. Pilau imeshaliwa, watu wametulia na kahawa, mjomba akainuka akaenda ukutani. Akagonga kwa kidole kimoja, akatega sikio kama daktari. Akashuka kidogo, akagonga tena. Ukumbi mzima ukanyamaza kumsubiri, na yeye anajua anasubiriwa, hana haraka. Akafuta vumbi kidoleni.

“Nyumba ya mwani hii,” akasema. “Masika ikipiga itarudi pwani.”

Watu wakaangua kicheko. Mama naye kacheka, birika mkononi. Bibi peke yake hakucheka.

“Siti binti Saad naye walimsema kaja mjini na kaniki. Mwaka 1928 kenda Bombay kurekodi santuri.”

“Siti aliimba, mama. Huyu kafunga majani.”

Kicheko cha pili kikawa kikubwa kuliko cha kwanza.

Usiku nikamuuliza mama kwa nini na yeye kacheka. “Ulitaka nimtoe? Na pilau keshakula?”

Ningesema ni wivu, yaishe. Mjomba kavua tangu ujana wake na kwake bado makuti. Lakini bati za nyumba ile ni yeye aliyezishusha garini na kuzibeba kichwani, hakuitwa na mtu. Na miaka baadaye nilimkuta barazani na mgeni kutoka Makunduchi, anamwonesha kwa mkono: “Ile pale ya dada yangu. Kajenga mwenyewe, hakusaidiwa na mwanamme yeyote.”

Aliponiona akakohoa, akaanza habari za bei ya pweza.