Njia yangu ya kufika Paris ya karne ya 13

Tangu nianze masomo ya uzamivu nimeulizwa mara nyingi: mtu wa Unguja anatafuta nini kwa wanafalsafa wa Ulaya ya Zama za Kati? Namtafuta Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Kiislamu.

Kiarabu nilikianza chuoni, kisha nikakiendeleza kwa sheikh aliyenisomesha nahau na mantiki. Kwake ndiko nilikomjua Ibn Rushd, kadhi wa Córdoba, huko Andalusia (Hispania ya Waislamu), aliyefariki mwaka 1198. Nikatamani kuusoma ufafanuzi wake mrefu wa kitabu cha Aristotle kuhusu nafsi. Nikaambiwa Kiarabu chake kimepotea, yamebaki madondoo tu. Kazi nzima imesalimika kwa Kilatini, katika tafsiri ya mwanzoni mwa karne ya 13 inayonasibishwa na mfasiri Michael Scot. Basi ikanibidi nijifunze Kilatini.

Vitabu vya kufundishia humpeleka mwanafunzi kwa Caesar na Cicero, waandishi wa Roma ya kale. Nilipokwisha kupata misingi ya sarufi niliwaacha hao, nikaingia kwenye maandishi ya walimu wa chuo kikuu cha Paris wa karne ya 13, na mwenye lengo kama langu namshauri afanye hivyo hivyo. Kilatini chao hakina mapambo. Maneno ni yale yale, na mpangilio haubadiliki: zinatangulia hoja za upande mmoja, inafuata hoja ya kuzipinga, mwalimu anatoa jibu lake, mwisho anarudi kuzijibu zile za mwanzo moja baada ya nyingine. Aliyewahi kukaa kwenye darsa la fiqhi hapotei humo.

Nilichagua kitabu kimoja kidogo nikakaa nacho mpaka nikakizoea: kile alichokiandika mwanateolojia Mkristo Thomas Aquinas mwaka 1270 kuwapinga wafuasi wa Ibn Rushd. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya akili. Ibn Rushd alieleweka kusema kwamba akili inayopokea maarifa ni moja kwa wanadamu wote. Thomas akauliza: kama ni hivyo, twawezaje kusema kwamba mtu huyu, huyu hapa, anaelewa? Tarehe 10 Desemba mwaka huo huo Askofu Étienne Tempier wa Paris alizilaani kauli 13. Ya kwanza ilisema akili ya watu wote ni moja. Ya pili, kwamba si kweli, au si sawasawa, kusema "mtu anaelewa". Nilizisoma kauli hizo mbili usiku, nikashindwa kulala. Mawazo ya kadhi wa Andalusia yalikuwa yametikisa chuo kikuu cha Wakristo zaidi ya miaka 70 baada ya kifo chake! Mwaka 1277 Tempier huyo huyo alirudi na orodha ya kauli 219 alizozilaani.

Lugha ikawa nyepesi kuliko mwandiko. Ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali, nao waandishi walikuwa na haraka, kwa hiyo karibu kila neno limefupishwa. Herufi p ikikatwa mkiani kwa mstari inasomwa "per". Mstari ukikaa juu yake, "prae". Mkia ukipindwa, "pro". Nilichofanya ni kuchukua picha za hati za mkono ambazo Maktaba ya Taifa ya Ufaransa inazitoa bure katika Gallica, hazina yake ya mtandaoni, nikaziweka pembeni mwa chapa ya ufafanuzi ule wa Ibn Rushd iliyotolewa mwaka 1953. Nilinakili kwa kalamu mstari mmoja mmoja, kifupisho kwa kifupisho, kisha nafunika chapa na kusoma hati peke yake. Kamusi ya vifupisho ya Adriano Cappelli haikutoka mezani. Ni kazi ya kuchosha, lakini jicho linazoea, na siku linapozoea hutaki tena kusoma chapa tupu.

Kilichonipa nafasi katika taaluma hii ni kile kile watu walichokuwa wakikishangaa. Wenzangu wengi walikuwa na Kilatini kizuri kuliko changu. Lakini waliokuwa na Kiarabu juu ya Kilatini walikuwa wachache. Mfasiri wa Ibn Rushd alifuata Kiarabu neno kwa neno, kwa hiyo sentensi iliyokwenda kombo kwa Kilatini mara nyingi hunyooka ukiirudisha ilikotoka. Tasnifu yangu niliijenga hapo, na hata usaili wa kazi ya kufundisha ulihusu mambo hayo zaidi ya kitu kingine.

Wanafunzi wangu nawaanzisha na zile kauli 13, kwa Kilatini chake, kabla ya historia yoyote ya jumla. Kwa upande wangu, sehemu ya madondoo ya Kiarabu ya ufafanuzi ule imehifadhiwa pambizoni mwa hati moja iliyoko Modena, Italia, nayo imeandikwa kwa herufi za Kiebrania. Herufi hizo ndizo ninazojifunza sasa.