Kumbukumbu ya mradi: nyimbo tano za soul barazani kwa mjomba

Wiki ya kwanza

Boksi nililikuta uvunguni mwa kitanda cha mjomba, Temeke, nilipokwenda kumsaidia kutoa vitu ili chumba kipakwe rangi. Ndani mlikuwa na santuri kumi na tisa zimefungwa kwenye kanga kuukuu. Nyingi ni za dansi la hapa kwetu na rumba ya Kongo. Chini kabisa ilikuwepo What's Going On ya mwimbaji wa Marekani Marvin Gaye, ya 1971, jalada limeliwa na mende pembe moja, lakini Marvin bado anaonekana vizuri, kola ya koti la mvua imesimama. Mjomba anasema aliinunua kwa baharia pale bandarini.

Tukaipiga. Ulipofika wimbo wa mwisho wa upande wa pili, Inner City Blues, nikamwuliza jamaa huyu analalamikia nini.

"Mjomba," akaniambia, "sisi tulikuwa tunacheza tu. Maneno tuliwaachia wenyewe."

Basi mradi ukazaliwa hapo. Nachukua nyimbo tano za soul, muziki wa Wamarekani weusi, za kati ya 1970 na 1974, zinazoishtaki serikali kwa kuwatupa maskini wake. Nazifasiri kwa Kiswahili kinachosomeka kwa sauti, kisha jioni moja ya Jumamosi tunazisikiliza na majirani barazani kwa mjomba. Kwanza nasoma tafsiri, halafu wimbo unapigwa mzima, hakuna kuongea.

Kuna jambo jingine linalonisukuma. Mjomba alikuwa na miaka kumi na saba Novemba 1969, muziki wa soul ulipopigwa marufuku Dar es Salaam kwa amri ya mkuu wa mkoa. Mwaka huo ulianza na Operesheni Vijana ya vijana wa TANU dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na soul ikatiwa kwenye kapu hilohilo la uhuni wa kigeni. Naelewa walichokuwa wakikihofia, taifa lilikuwa changa. Lakini inaniuma kwamba nchi iliyokuwa imetoka kutangaza Azimio la Arusha, yenye neno wanyonge mdomoni asubuhi na jioni, iliwafungia mlango wanyonge wenzake wa ng'ambo.

Wiki ya tatu

Inner City Blues imenila wiki mbili nzima, na sijutii.

Marvin aliuandika na James Nyx. Detroit, mji wa kampuni yao ya santuri, Motown, ulikuwa umeungua kwenye ghasia za Julai 1967, watu 43 wakafa. Unapousikiliza unatarajia mtu anayefoka. Hafoki. Anaimba kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda saa nane ya usiku akipiga hesabu. Hela tunaitafuta sisi, kabla hatujaishika mmeshaichukua. Bei zinapanda. Bili zimerundikana. Kodi ya serikali sina. Kijana wangu mmempeleka vitani. Chini yake besi ya Bob Babbitt inatembea taratibu, inatua, inanyamaza, inarudi. Mapengo yale kati ya noti na noti yana uzito kuliko noti zenyewe.

Beti la kwanza ni la roketi za mwezini: fedha hizo wangepewa wasio nacho. Hapo Kiswahili kilinipokea vizuri, maana wenye nacho na wasio nacho ni maneno yetu ya kila siku. Ila nilitaka wasikilizaji wajue kwamba beti hilo halikutoka hewani. Tarehe 15 Julai 1969, siku moja kabla Apollo 11 haijaruka kwenda mwezini, mchungaji Ralph Abernathy, aliyeshika uongozi wa kupigania haki za weusi baada ya Martin Luther King kuuawa, alikwenda kituo cha kurushia roketi Florida akiwa na familia maskini na mkokoteni wa kukokotwa na nyumbu. Mkuu wa NASA, shirika la anga la Marekani, Thomas Paine, akatoka kuonana nao. Akawaambia kwamba kama kutobonyeza kitufe cha kurusha roketi kungeondoa umaskini, wasingekibonyeza. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Ni la adabu, na linawaacha watu palepale walipo. Nyumbu upande huu, roketi upande ule: picha hiyo naiweka kwenye maelezo yangu kama ilivyo, bila kuongeza neno.

Kilichonikwamisha ni lile neno la kiitikio, holler. Rasimu ya kwanza niliandika "nataka kupiga kelele". Mke wangu akasoma akasema kelele hata watoto wanapiga. Kweli. Nikajaribu "kulia", likawa jepesi mno. Mwisho nikarudi kwa bibi yangu kule kijijini. Bibi hakupiga kelele, alipiga yowe, na yowe likipigwa jirani anaacha chungu mekoni anakuja. Sasa kiitikio kinasomeka: "natamani nipige mayowe". Marvin anaita watu waje. Ndivyo ninavyomsikia.

Wiki ya nne

Umeme umekatika jioni tatu mfululizo. Nimefanya kazi ndogo tu ya kusafisha santuri kwa kitambaa laini na maji ya sabuni, nikiikwepa lebo ya katikati isilowe.

You Haven't Done Nothin' ya Stevie Wonder imekwisha kwa usiku mmoja kwa mwanga wa simu. Ulitoka Agosti 1974, siku zilezile Rais Richard Nixon wa Marekani alipojiuzulu, na kundi la Jackson 5 linaitikia nyuma. Kiswahili chake kilikuja chenyewe: tumechoka na hadithi zako, hujatufanyia lolote. Hakuna la kuhangaikia hapo.

Wiki ya tano

Living for the City, Stevie tena, 1973. Vyombo vyote kapiga mwenyewe.

Familia moja ya Mississippi. Baba anafanya kazi saa kumi na nne, anarudi na dola moja kwa shida. Mama anasugua sakafu za watu. Dada anaamka mapema kwenda shule, nguo zake kuukuu lakini hazijawahi kuwa chafu. Niliposoma mstari huo wa nguo nilisimama. Nimekua nao. Sare yangu ya darasa la tano ilikuwa na kiraka kwenye mkono, na mama aliipiga pasi ya mkaa kila Jumapili usiku, mstari wa pasi unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Stevie, asiyeona, aliiona nguo hiyo.

Katikati ya wimbo muziki unasogea pembeni, linaingia jambo linalofanana na mchezo wa redio. Kijana ameshuka basi New York, anashangaa maghorofa, mtu anamshikisha kifurushi, ving'ora, kakamatwa, kahukumiwa miaka kumi, mlango wa chuma unafungwa. Nilikuwa nimeandika tafsiri ya maneno yote hayo. Mjomba akanizuia. "Usisome hapo. Acha wasikie mlango." Nimekata karatasi nusu nzima. Yuko sahihi, mlango ule hauhitaji mkalimani.

Anaporudi kuimba beti la mwisho, sauti imekwaruza kama kameza vumbi. Kijana sasa anatangatanga mitaani, nywele ndefu, nyayo ngumu. Anasema kupiga kura alijaribu, haikusaidia. Kumbuka huyu katoka Mississippi, ambako watu weusi walipigwa na wengine kuuawa kwa kutaka tu kujiandikisha kupiga kura, hadi sheria ya 1965 ilipowalinda. Miaka minane baadaye Stevie anasema kura imepatikana na njaa iko palepale.

Wiki ya saba

Huu ndio moyo wa mradi, wala sikujua nilipoanza. Mr. Welfare Man, maneno na muziki vya Curtis Mayfield, imeimbwa na Gladys Knight na wenzake The Pips kwa ajili ya filamu Claudine ya 1974. Claudine ni mama wa Harlem, mtaa wa New York, mwenye watoto sita, anafanya kazi za ndani kwa kificho kwa sababu msaada wa serikali peke yake hauwatoshi. Afisa akija kukagua, familia nzima inakimbizana kuficha vifaa vya nyumbani ili asione kwamba wanavyo.

Bila kuueleza utaratibu wenyewe, wimbo haueleweki. Msaada ule ulikuwa wa watoto waliokosa matunzo ya mzazi mmoja, mara nyingi baba. Majimbo mengi yakaweka kanuni: mwanamume akionekana ndani, huyo ndiye mtunzaji, na hela inakatwa, hata kama si baba wa watoto na hana kazi. Maafisa walibisha hodi usiku wa manane kutafuta viatu vya kiume chini ya kitanda. Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta kanuni ya namna hiyo ya jimbo la Alabama Juni 1968, majaji wote kwa kauli moja, baada ya mama mmoja mwenye watoto wanne kushtaki. Upekuzi wenyewe, ule wa kumtazama mama maskini kama mwizi, haukufutika kwa hukumu. Curtis anauandika miaka sita baadaye.

Na ona anavyoandika. Mama anasema: wananiita mvivu, wanasema siwapendi wanangu, wanasema akili yangu haijatimia, wananitaka nimwache mume wangu. Kisha anamwomba yule bwana amwache. Serikali kwenye wimbo huu haina ikulu wala bendera. Ina viatu, inaingia sebuleni kwako, inafungua kabati.

Kwenye kumwita nilihangaika siku tatu. "Bwana Msaada"? Linachekesha, na huyu mama hachekeshi. Sisi tuna afisa ustawi wa jamii, cheo kinachojulikana hadi kwenye kata. Nikaandika "Bwana Ustawi", nikalisoma kwa sauti ya chini, likakaa. Bwana pale linabeba heshima ambayo mama analazimika kuitoa kwa mtu anayemdhalilisha, na ustawi ndicho kitu asichokipata. Nimekubali.

Wiki ya nane

Gitaa. Nilitaka nipige kidogo chini ya usomaji wa Bwana Ustawi, kwa mtyunisho wake Curtis. Alikulia Chicago, nyumba za serikali za Cabrini-Green, na kabla ya gitaa alikuwa akigusagusa vibonye vyeusi vya piano. Alipopata gitaa akalityuni lifuate vibonye hivyo: F#, A#, C#, F#, A#, F#, kuanzia uzi mnene. Ukitoka kwenye mtyunisho wa kawaida, uzi wa pili, wa tatu na wa nne unazishusha nusu sauti, wa tano unaupandisha nusu sauti, wa sita na wa kwanza unazipandisha sauti nzima.

Ule wa kwanza ndio wenye visa. Nilikuwa nimebakiza robo mzunguko, sikio kwenye mbao, nikasikia unalia kwa ndani, halafu pa! Umenichapa chini ya jicho. Sikuumia sana. Nikaweka mwingine, safari hii nikipandisha kidogo, nauvuta kwa kidole, nasubiri, napandisha tena. Ulipofika nikapitisha dole gumba kwenye nyuzi zote sita bila kubana chochote, gitaa zima likajibu kwa mlio mmoja, mpana, laini, kama mlango wa kanisa unaofunguka. Sasa naelewa kwa nini gitaa la Curtis halina haraka. Liko nyumbani hata mkono ukiwa haujagusa shingo.

Wiki ya tisa

The Ghetto ya Donny Hathaway, albamu ya 1970. Karibu dakika saba, na maneno yake yote yanaenea kwenye kiganja. Nilidhani huu ndio mteremko. Kumbe neno moja, ghetto, yaani mtaa waliosukumiwa weusi maskini, limenishinda kuliko beti zote za Marvin.

Hapa mjini geto ni chumba cha kijana aliyetoka kwao: godoro, spika, jiko la gesi. Ni neno la uhuru. Ukimwambia kijana wa Temeke kwamba Donny anaimba geto, atatabasamu. Nikajaribu uswahilini. Uswahilini kuna dhiki, lakini kuna kwetu pia, kuna shughuli na ngoma. Na hakuna aliyechora ramani akatupaka rangi tusikopeshwe. Kule walichora. Tangu miaka ya 1930 chombo cha serikali kuu kilikuwa na ramani za miji, mitaa ya weusi imepakwa nyekundu, maana yake mkopo wa nyumba usipelekwe huko. Ubaguzi wa nyumba ulikatazwa kisheria mwaka 1968, wakati mitaa ilikuwa imeshakauka.

Nimeamua kutolifasiri. Nitaeleza ramani kwa sentensi mbili, kisha nitamwachia Donny na kinanda chake.

Wiki ya kumi

Jumamosi imepita. Tulikuwa watu kumi na wanne, mkeka na viti vya plastiki, mama wa duka la jirani kaleta kahawa na kashata. Nilisoma haraka mno mwanzoni, mjomba akanipungia mkono nipunguze.

Marvin waliitikia kwa vichwa. Kwenye mlango wa gereza la Stevie mtoto mmoja alimshika mama yake. Baada ya Bwana Ustawi nikanyosha mkono niwashe wimbo unaofuata, yule mama wa kahawa akasema, "Ngoja kwanza, baba." Alikuwa ameishika birika bila kumimina.

"Hapo anapowaambia wanasema hawapendi wanawe. Rudia."

Nikarudisha. Tukausikia tena tangu mwanzo, wote kumi na wanne, na kahawa ikapoa.

Mjomba sasa anataka tufanye za Staple Singers. Nyuzi nimenunua seti mbili, na uzi wa kwanza mmoja wa akiba.