Milton, wifi yangu na mimi

Kuna makala moja ya kitaaluma ambayo nimeirudia mpaka najua aya gani iko wapi kwenye ukurasa. Iliandikwa na Damian Milton, msosholojia wa Uingereza, ikachapishwa mwaka 2012 katika jarida la Disability & Society. Milton mwenyewe ana usonji (autism, yaani ubongo unaoipokea dunia na watu kwa namna tofauti na wengi), na aliutambua ukubwani, baada ya mwanawe kutambuliwa kwanza. Mimi vilevile nimechelewa. Daktari aliponiambia kuwa nina usonji nilikuwa tayari mke wa mtu na mama, na nilikwishaitwa mkaidi, mwenye maringo, mwenye roho ngumu.

Hoja ya Milton ni hii: watu wawili wenye namna tofauti za kuishi duniani wakikutana, kila mmoja hupata taabu kumsoma mwenzake. Kutoelewana kunazaliwa kati yao. Si kasoro iliyokaa ndani ya kichwa cha yule mwenye usonji peke yake.

Kwa nini jambo jepesi hivyo liliwashtua watu? Rudi mwaka 1985. Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith waliwaonyesha watoto mwanasesere anayeweka gololi kikapuni kisha anatoka. Mwanasesere wa pili anaihamishia kwenye boksi. Wa kwanza akirudi, ataitafuta wapi? Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walionyesha boksi, yaani pale gololi ilipo kweli, si kikapuni ambako wa kwanza aliiacha. Toka hapo ikazoeleka kusema kwamba sisi hatuwezi kuwaza mwingine anawaza nini. Jibu la watoto hao tukabandikwa sote, hadi wenye mvi.

Sasa wifi yangu. Usiku mmoja alinipigia simu analia, ameachishwa kazi. Nikamuuliza mkataba unasemaje kuhusu notisi, barua anayo, na nani ameisaini. Nilikesha nikimwandalia orodha ya madai yake. Asubuhi akamwambia kaka yake, “Mkeo hana huruma hata chembe.” Haya. Wifi huyohuyo ameniona mara nyingi nikitoka ukumbini sherehe inaponoga na muziki unapopandishwa, akaamini nawadharau yeye na ukoo wao, kumbe masikio yananiuma. Mimi sikumsoma, naye hakunisoma. Ila mwenye faili kwa daktari ni mmoja tu.

Milton alipoandika, alikuwa na hoja zaidi kuliko takwimu. Takwimu zilifuata. Mwaka 2017 Noah Sasson na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu waliwatazama wenye usonji kwenye video fupi, na upesi sana wakawa hawavutiwi kuzungumza nao. Kwa wengine waliosoma maneno yaleyale yaliyoandikwa, bila sura wala sauti, ubaguzi ule haukuonekana. Hapo niliweka simu chini, nikaenda kufua nguo zisizohitaji kufuliwa. Hawakukataa tulichosema. Walikataa tulivyokisema, sauti yetu na macho yetu.

Kisha Catherine Crompton, akiwa Edinburgh, mwaka 2020 alipanga watu wanane wanane wapokezane hadithi kama mnyororo, mmoja akimsimulia anayefuata. Minyororo ya wenye usonji watupu iliihifadhi sawa na ya wasio nao. Iliyochanganywa ndiyo iliyopoteza mengi. Mtandaoni tulishangilia kana kwamba timu yetu imechukua kombe. Mwaka 2025 jaribio likarudiwa kwa watu zaidi ya 300, na tofauti ile haikujitokeza. Kuna walionuna. Mimi sikununa, kwa sababu Milton hakuwahi kudai kwamba wenye usonji ni kabila moja linalosomana mioyo. Nina rafiki mwenye usonji ambaye hatuelewani hata kuhusu saa ya kukutana! Alichodai ni kwamba mzigo una washika wawili, na hilo halivunjwi na hadithi kufika salama upande wa pili.

Wifi nilimsimulia haya yote. Hakuisoma makala, wala sikumtarajia aisome. Lakini siku hizi kabla ya kupiga simu huniandikia: “Wifi, leo nataka kulia tu,” au “Wifi, nataka akili yako.” Nami namjibu kama ninaweza kusikiliza au nimechoka na sauti. Inatutosha.

Kinachonikera ni kwingine. Majaribio mengi haya yamefanywa kwa watu wazima kama mimi, wenye maneno ya kutosha, tunaoweza kukaa mbele ya mtafiti na kusimulia. Mdogo wangu hasemi kabisa. Akitaka maji anakushika kiwiko, akikerwa anageuza viatu vyote vya mlangoni chini juu, na wageni husema hana mawasiliano. Mama humwelewa kabla hajanyanyuka. Ningependa mtu atupange sisi wasemaji mbele yake, kisha ahesabu ni wangapi tumeshindwa kumwelewa yeye.