Badiliko moja, nafasi mbili: jinsi nilivyotatua

Mfumo wetu wa kulinganisha rekodi za jeni za mzazi na mtoto ulikuwa unasema mtoto mwenye selimundu hakurithi badiliko lolote la ugonjwa huo kwa mama yake. Ajabu, maana mama alishathibitishwa kwa kipimo kingine kuwa ana himoglobini S, ile inayoleta selimundu. Nikadhani sampuli zimebadilishana, nikapoteza siku mbili nikifukuzia lebo za vichupa.

Nilipoziweka rekodi zao sambamba ndipo nikaona. Zote kromosomu 11, zote herufi T ya DNA imekuwa A, lakini mama yuko nafasi ya 5248232 na mtoto 5227002. Kumbe badiliko ni lilelile la HBB, jeni ya himoglobini! Mama alisomwa kwa GRCh37, toleo la zamani la ramani ya DNA ya binadamu inayotumika kuhesabia nafasi, mtoto kwa toleo jipya zaidi, GRCh38, lililotoka mwaka 2013, na jedwali langu halikuwa na mahali pa kuandika ramani gani imetumika. Kosa langu, si la maabara.

Nikaongeza safu ya ramani, tena ya lazima: faili lisiloitaja halipokelewi. Rekodi za zamani nikazihamishia GRCh38 kwa liftOver, programu ya kubadili nafasi za ramani moja kuwa za nyingine, huku nafasi ya awali nikiihifadhi pembeni. Chache ziligoma kuhama. Hizo nilizipitia mojamoja. Nikaendesha ulinganisho upya, mama na mwana wakakutana.