Daftari Lenye Jedwali la Kuzidisha

Juzi binti yangu, akitafuta karatasi ya kuchorea, alichomoa sandukuni daftari kuukuu lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, akauliza mbona limeandikwa na watu wengi na hakuna hata mmoja anayesomeka.

Lilikuwa daftari lake la matibabu. Tulipohamia Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, mwaka 2013, nilitaka tabibu mmoja atakayetujua, kama yule aliyetutibu Jinja tangu utoto wangu. Vituo vya serikali ya Uganda havidai malipo tangu 2001, ila daftari hujinunulia mwenyewe. Nami kwa haraka zangu nilikimbilia kliniki za barabara kuu, ambako walinikaribisha vizuri, wakaandika malaria, wakadunga sindano, wakapokea pesa. Mtoto alikuwa na miaka miwili.

Siku moja, kwa kukosa fedha tu, nilimbeba hadi kituo cha afya cha daraja la tatu kilichokuwa jirani. Afisa tabibu hakuanza na mtoto. Alifungua ukurasa wa kwanza wa daftari akasoma, kidole kikifuata mstari baada ya mstari, huku waliokuwa kwenye benchi wakiguna na mimi nikiona haya kana kwamba ndimi niliyeyaandika yote. Alipofika katikati alirudi nyuma kurasa tatu, akakunja ncha ya moja.

"Mama, malaria mara sita, na damu haikupimwa hata mara moja."

Ndipo akaishika mikono ya mtoto, akaminya vidole kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayekagua maharage. "Hivi vimewahi kuvimba?"

Vilivimba mara mbili. Bibi yake alivikanda kwa maji ya moto vikanywea, nami sikumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.

Yaliyofuata yalikwenda mbio: hospitali ya Mbale, kipimo, selimundu, yaani ugonjwa wa kurithi wa damu unaoweza kuvimbisha vidole vya watoto wadogo, na habari kwamba mimi na baba yake, wazima kama tulivyo, tulikuwa tumeubeba ugonjwa huo katika damu bila kujua. Vidonge vya asidi ya foliki anameza hadi leo.

Kwa miaka minne afisa yule alikuwa daktari wa nyumba yetu, ingawa kila nilipomwita daktari alinisahihisha. Kisha akahamishwa, kama wahamishwavyo watumishi wa serikali, na sijui kama nilimshukuru ipasavyo au nilimzoea tu.

Binti alitaka kujua mwandiko wake ni upi. Nilimwonyesha. Ndio mbaya kuliko yote.