Saini Isiyo na Hela

Juzi mdogo wa mwanangu yule aliyesaini kuchezea chuo besiboli, hapa Marekani, kaniuliza, "Mama, hivi kaka alisaini bure?" Amesikia kwamba tangu 2025, chuo cha daraja la kwanza la michezo ya vyuo kilichoingia kwenye utaratibu mpya kinaweza kuwafadhili wachezaji wake wote 34 wa besiboli. Nikamwambia enzi za kaka yake timu nzima ilikuwa na ufadhili kamili 11.7 tu, yaani wa kutosha watu wasiofika 12, nao wakigawana wachezaji wasiozidi 27, tena hapo ni vyuo vikubwa. Kaka yake alikwenda daraja la tatu, ambako kipaji cha mpira hakilipiwi senti hata moja.

Siku yenyewe naiona mpaka leo. Maktaba ya shule, Minnesota, mwezi wa nne, nje theluji haijaisha. Meza ndefu, kitambaa cha bluu, kofia za vyuo zimepangwa. Jirani yake mezani, msichana wa mpira wa wavu, barua yake ilitaja ada, chumba na chakula. Ya mwanangu ilikuwa ukurasa mmoja. Niliisoma juu hadi chini, nikaigeuza: hakuna kiasi, hakuna neno linalomfunga yeye wala chuo. Akashika kalamu kwa mkono ule ule wa kurushia mpira, vidole vina sugu, akaandika majina yake yote matatu taratibu, hadi la babu yake ambalo shuleni halitumii kabisa. Kocha alianza kupiga makofi kabla hajamaliza. Mimi machozi yakanitoka.

Jioni tukampigia bibi yake, Tanga.

"Shikamoo bibi, nimesaini!"

"Marahaba mjukuu wangu, hongera! Ada wanalipa wao?"

Akanitazama. Nikachukua simu. "Mama, wamemchagua wenyewe."

"Mungu ni mwema. Na ada?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Msaada tuliopata ulipimwa kwa kipato chetu. Iliyobaki tukakopa, na mimi nikaongeza zamu za usiku. Mwaka wa pili bega likamharibikia, akaacha kurusha. Msaada haukupunguzwa, maana haukuwahi kufungamanishwa na mpira. Wazazi wenzangu wanasema afadhali hivyo, na huenda ni kweli, maana amemaliza masomo yake. Lakini nilimwona akiliandika lile jina la babu yake, na bado natamani wangeweka kiasi mbele yake, hata kidogo.